Mimi, Bibi wa Korea na Mlango wa Stoo

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na minne, ni mjane, naishi Darsait hapa Muscat pamoja na mama yangu mzazi, na kazi yangu ni kushona kofia. Mikasa yenu nimeisoma miaka mingi. Nimelia nanyi, na mara nyingine nimewalaumu kimoyomoyo... Mbona huyu hakusema? Mbona yule alivumilia? Leo zamu ni yangu. Nilaumuni mtakavyo, lakini nisomeni mpaka mwisho.

Nilizaliwa Unguja, nikaletwa Oman nikiwa msichana mdogo. Kwetu tulikuwa watu wa kawaida. Baba alikuwa karani bandarini, mama akishona nguo za majirani, na mimi nikajifunza sindano kabla sijajua kupika. Nilipofika miaka ishirini na moja nikaposwa na nyumba kubwa ya Hail, mtaa wa watu wenye nafasi hapa Muscat, watu wa kwetu vilevile, waliokuja Oman mapema wakafanikiwa kwa biashara ya mchele. Mama yangu alifurahi mpaka akalia. Mtoto wa karani anaolewa Hail!

Mume wangu aliitwa Khalfan. Alikuwa mtumishi wa serikali, mpole, mcheshi, tena nadhifu kupita kiasi. Kanzu zake alizikunja mwenyewe kwa sababu alisema mimi nazipa makunyanzi. Akirudi kazini alinimenyea chungwa, akanipa vipande huku akinisomea habari za gazeti na kuwaigiza mawaziri sauti zao. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nayasema haya ili mjue kwamba sikuolewa na mgonjwa. Niliolewa na mtu mzima mwenye akili zake, na nilimpenda.

Mwenyezi Mungu akatujaalia mtoto wa kiume, tukamwita Mundhir.

Ugonjwa ulianza na kanzu. Mundhir alikuwa na miaka mitatu hivi. Asubuhi moja niliingia chumbani nikamkuta Khalfan amekaa kitandani na kanzu mpya mapajani, anafumua mshono wa bega kwa wembe, polepole, kama fundi. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa sauti yake ileile ya upole kwamba humo ndani kumeshonewa kitu, na kitu hicho kinamsikiliza.

Nilicheka... Nilidhani anaigiza waziri mwingine.

Baada ya hapo nikawa nashona, yeye anafumua. Asubuhi nyingine alijaribu kanzu moja baada ya nyingine mpaka saa ya kazi ikampita, akabaki sakafuni amevaa shuka, nguo zimemzunguka kama dobi. Alinitazama kwa macho ya kuomba msaada. Msaada gani ningempa? Nilichukua sindano, nikarudia mishono mbele yake ili aone kuwa hakuna kitu ndani. Siku nyingine ilimtuliza. Siku nyingine alinipokonya sindano akaivunja.

Wakwe zangu wakasema ni hasidi. Akasomewa, akanyweshwa kombe, maji ya aya zilizooshwa, nyumba nzima ikafukizwa ubani mpaka mtoto akakohoa. Alipokuwa hapati nafuu, mama mkwe akanigeukia mimi. Aliniuliza mbele ya wageni wake wa kahawa, "Fundi wa nyumba hii nani? Si wewe? Basi na kilichoshonewa ndani wakijua wewe."

Nilikwenda jikoni nikalia huku nimefungua bomba la maji, wasinisikie.

Siku moja nikampakia Khalfan kwenye teksi nikampeleka hospitali bila ya kumwambia mtu. Daktari alimsikiliza muda mrefu, akatupa vidonge, akasema ni maradhi kama maradhi mengine. Wasomaji wenzangu, vile vidonge vilinirudishia mume wangu! Alilala. Aliamka, akavaa kanzu, akaenda kazini. Machungwa yakarudi. Kwa miezi miwili mitatu nilikuwa mwanamke mwenye bahati kuliko wote Muscat.

Kisha baba mkwe akaviona vidonge. Akavimwaga chooni mbele yangu, akavuta maji. Hakunipigia kelele, hakuwa mtu wa kelele. Aliniambia, "Nna binti wa kuozesha ndani ya nyumba hii. Watu huulizia damu kabla ya kuposa. Wakisikia mwanangu anakunywa dawa za wendawazimu, nani atamchukua Raya?"

Raya alikuwa wifi yangu, mtoto wa mwisho. Nanyi mnajua desturi zetu. Posa ikija, kwanza wazee hutumwa kuchunguza. Nani kwao ana pumu, nani ana kisukari, nani kwao hakutulia akili. Neno moja la jirani huvunja ndoa kabla haijafungwa.

Haukupita muda, Khalfan alisimama msikitini siku ya Ijumaa, katikati ya safu, akavua kanzu yake, akaitupa, akaanza kuwaambia watu wazitazame na zao. Walimfunika kwa shali wakamrudisha nyumbani. Baba mkwe aliingia nyuma yao na uso kama jiwe. Jioni ileile Khalfan akahamishiwa stoo.

Stoo hiyo ilikuwa banda la zege nyuma ya nyumba, ubavuni mwa majlisi, sebule ya wageni wa kiume. Humo stooni baba mkwe aliweka magunia ya mchele ambayo hayajapelekwa dukani. Magunia yakasukumwa yakaziba dirisha ili sauti isitoke. Kikawekwa kitanda, kiyoyozi cha zamani kilichopachikwa ukutani na ndoo. Mlango ukatiwa kufuli, ufunguo ukakaa mfukoni mwa baba mkwe. Chakula alimpelekea mwenyewe au mama mkwe. Mimi niliruhusiwa kumwona pale tu baba mkwe alipotaka, naye akisimama mlangoni.

Na watu wakaambiwa Khalfan amekwenda Bombay kutibiwa mgongo.

Nilisema hivyo na mimi. Nani angenitilia shaka? Kwetu huku kila nyumba ina mtu aliyewahi kwenda India kutibiwa. Nilipokutana na majirani waliniuliza hali yake, nikajibu anaendelea vizuri, anawasalimuni. Mama mkwe alinishinda. Alisimulia hata simu ambazo hazikupigwa... jana kasema mvua nyingi, juzi kasema amechoshwa na vyakula vya pilipili. Alisimulia mpaka nikahisi amekwisha kujiaminisha mwenyewe, maskini, kwa sababu Bombay mwanawe alikuwa mzima.

Mundhir naye tulimwambia baba yuko Bombay. Akisikia kishindo stooni tukamwambia ni panya. Tukamwonya asisogee, mlangoni kumetiwa sumu ya panya, akigusa atakufa. Alikuwa na miaka sita, mtiifu. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa, wala hakuuliza tena.

Kwa nini sikukimbia? Kwa nini sikupiga kelele? Nilifikiri nikisema nitamwaibisha Khalfan mwenyewe, na kwamba Raya akishaolewa baba mkwe atalegea, atamtoa mwanawe ampeleke hospitali. Aliniahidi hivyo kwa kinywa chake. "Subiri harusi ipite," alisema. Nikasubiri mwaka na zaidi.

Posa ikaja kweli. Watu wakubwa, wenye jina. Siku ya kuja kwao ilikuwa katikati ya joto la kiangazi, na nyote mliokaa Muscat mnaijua hiyo Julai yetu, ukuta unaunguza mkono hata jua likiwa limepinda. Wageni wa kike wangeingia kwa mlango wa nyuma, wakipita pembeni kabisa ya stoo. Na kile kiyoyozi cha zamani kilikuwa kikinguruma, kikidondosha maji nje. Mama mkwe akauliza, je, mmoja wao akisema, mchele nao unatiwa kiyoyozi?

Baba mkwe akauzima umeme wa stoo. Mama mkwe akamtilia Khalfan dawa ya usingizi kwenye juisi. Nilimfuata baba mkwe uani nikamwambia, Baba, humo ndani dirisha limezibwa. Alinijibu bila kunitazama kwamba ni saa moja tu, wageni wakishaketi atauwasha.

Wageni wakaketi. Nikapitisha halwa, nikapitisha kahawa, nikatabasamu. Kila nilipotoka na sinia nilitazama kiyoyozi. Kimezimwa bado... Maji yaliyokuwa yakidondoka chini yamekauka.

Mara ya pili au ya tatu nilisikia mlango ukigongwa kutoka ndani. Si kwa nguvu. Kama mtu anayebisha hodi kwa heshima.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa baba mkwe, na baba mkwe alikuwa majlisi na wanaume wageni. Mimi mke wa mwana siwezi kuingia mule. Nikamwita Mundhir aliyekuwa akicheza uani, nikampangusa uso, nikamtuma. Nikamwambia, nenda kamnong'oneze babu, stooni kumekuwa joto, mama anaomba umeme. Alikimbia, akarudi. "Babu kasema subiri."

Nikamtuma tena. Akarudi na jibu lilelile.

Ningeweza kupiga mayowe. Wanawake wale wote wangetoka, siri ingevunjika, posa ingevunjika, na Khalfan angetoka kwenye joto lile. Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua... Mama mkwe alinishika mkono kwa nguvu, akaniwekea sinia jingine mikononi. Ndani wifi zangu wa mbali walikuwa wameanza vigelegele. Posa ilikuwa imekubaliwa.

Wageni waliondoka baada ya Maghrib. Baba mkwe alikwenda moja kwa moja stooni, nadhani na yeye alikuwa akijua. Alifungua. Khalfan alikuwa amelala mlangoni, shavu lake sakafuni, pale chini ambapo pana upenyo kidogo wa hewa. Alikuwa amevaa kanzu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alikuwa amevaa kanzu, tena kaifunga vizuri mpaka shingoni. Nafikiri alisikia wageni akataka kujisitiri.

Sikulia. Nilipiga magoti, nikampangusa vumbi shavuni.

Asubuhi yake watu wakaambiwa Khalfan alirudi alfajiri na ndege ya Bombay, akaingia nyumbani, akasalimia, moyo ukasimama. Ruhusa za mazishi zilipatikanaje sijui, baba mkwe alikuwa na watu wake. Ila mama mkwe alijua kwamba wanawake wa msibani wataangalia. Alitoa sanduku la zamani la mumewe, lenye kikaratasi cha uwanja wa ndege bado kimening'inia kwenye mshikio, akalijaza vitambaa vya kihindi, sabuni za msandali, achari na gari la mtoto la kuchezea, jekundu, alilotuma linunuliwe sokoni Mutrah asubuhi hiyohiyo. Akaliweka wazi barazani, katikati ya msiba.

Na wanawake wakaja. Walishikashika vile vitambaa, wakalia, wakaniambia maskini, hakuwahi kukupa kwa mkono wake. Nikawaitikia, ndiyo, hakuwahi.

Mundhir alipewa gari lake. Akaambiwa, zawadi ya baba yako. Hakulicheza. Alikaa nalo mapajani msiba mzima.

Nilikaa eda palepale, dirisha la chumba changu likitazama stoo. Eda ilipokwisha baba mkwe aliniita akaniambia mambo mawili. La kwanza, mtoto wa kiume akifika umri ni wa upande wa baba yake, na mimi nalijua hilo. La pili, yeye hana haja ya kunitenga na mwanangu iwapo kilichotokea ndani ya nyumba kitabaki ndani ya nyumba. Alinitazama akisubiri. Nikamwambia, "Nimekufahamu, Baba." Kesho yake nikachukua mtoto na cherehani yangu, nikarudi Darsait kwa mama.

Hivyo ndivyo nilivyonunua mwanangu, wasomaji wenzangu. Kwa ulimi wangu.

Nikaanza kushona kofia za Kiomani na kuziuza katika duka moja la Mutrah. Hapo ndipo nilipojuana na Bi Sunhi. Alikuwa Mkorea, mume wake mhandisi aliyeletwa na mradi wa ujenzi, mwanamke wa makamo mwenye mikono myepesi ya kushona. Alizipenda kofia zangu, akamwomba mwenye duka amjulishe kwangu, akawa anakuja Darsait asubuhi nimfundishe vitobo vya kofia naye anionyeshe darizi za kwao. Tulizungumza Kiingereza kibovu na Kiarabu kibovu zaidi, na pengine tulinyamaza tu tukashona. Mama yangu alimpikia vitumbua akavipenda.

Siku moja alinikuta naikata kanzu ya zamani ya Khalfan kumpunguzia Mundhir. Akaishika, akaniambia nguo humkumbusha hadithi ya kweli ya nchini kwao, ambayo kila mtoto wa Korea anafundishwa. Zamani, zaidi ya miaka mia mbili, alikuwapo msichana aliyeolewa na mwana wa mfalme. Mwana huyo akaingiwa na maradhi ya akili. Yakamjia kwenye nguo. Akiletewa vazi hawezi kulivaa, anaogopa, linachomwa, linaletwa jingine, nalo linachomwa, na mkewe ndiye anayehangaika kumtafutia jingine.

Sindano ilinichoma kidole. Sikuitoa.

Bi Sunhi hakuona, akaendelea. Maradhi yakazidi, mpaka yule mwana akawa anamwaga damu za watu. Mfalme akaona aibu na hatari kwa ufalme. Siku moja ya kiangazi akaamuru liletwe kasha kubwa la mbao la kuwekea mchele, akamwamuru mwanawe aingie ndani, kifuniko kikafungwa, likaachwa juani. Siku kadhaa, mpaka akafa. Na mkewe alikuwa mlemle ndani ya jumba, na mtoto wa kiume mdogo. Akanyamaza. Angesema, mtoto naye angepotea.

Nikamwambia basi. Inatosha. Nikainuka nikaenda kuosha mkono, nikasimama kwenye beseni, kisha nikakaa sakafuni. Mchele! Hata mchele! Nilidhani duniani hakuna mwanamke mwingine aliyepitia haya, kumbe alikuwapo, binti wa watu, amevaa hariri, katika nchi ambayo nisingeweza kuionyesha kwenye ramani. Bi Sunhi alinifuata akiwa na hofu, akidhani amenikosea. Nikamwuliza jambo moja tu, yule mtoto alikuwaje? Akaniambia, alikuja kuwa mfalme, tena katika wafalme wema.

Jina la yule bibi lilinishinda kutamka, nikawa namwita Bibi wa Korea. Kuanzia siku hiyo alikuwa shoga yangu. Msinicheke. Nilipokuwa nikishona peke yangu nilizungumza naye. Nilimwuliza, wewe mkweo ulimpaje salamu asubuhi? Uliwezaje kula wali? Idi tulipokwenda Hail, Mundhir akambusu babu yake mkono, nilimwona Bibi wa Korea amesimama karibu yangu ameinamisha kichwa. Yeye alinyamaza, mwanawe akatawala. Basi na mimi nitanyamaza, wangu atakuwa mhandisi.

Miaka ikapita. Mradi wa mume wa Bi Sunhi ukaisha, akaja kuniaga. Akaniambia, ile hadithi hukuniacha nimalize. Yule bibi alipozeeka, mwanawe ameshakufa, mjukuu wake ndiye mfalme, alikaa akaandika yote kwa mkono wake. Maradhi ya mumewe, kasha, kila kitu. Alitaka mjukuu amjue babu yake jinsi alivyokuwa, si kama watu walivyomzulia.

Nilikasirika. Nilimwona Bibi wa Korea amenisaliti. Amestahimili umri mzima, kisha anakwenda kufumua? Nilimkumbatia Bi Sunhi, nikampa kofia, na moyoni nikamfukuza yule shoga yangu nyumbani.

Mundhir alimaliza shule kwa alama nzuri, akaingia chuo. Alikuwa kijana wa maneno machache, mrefu kama baba yake, na lile gari jekundu bado liko juu ya kabati lake. Alipofika miaka kumi na minane akaanza kukosa usingizi. Nikasema mitihani. Akaacha kula na sisi. Nikasema ujana.

Asubuhi moja nilipita mlangoni kwake. Amesimama mbele ya kioo, kanzu mkononi, anapitisha kidole kwenye mshono wa bega. Anaurudia. Anaurudia tena. Akauweka sikioni.

Ewe Mola wangu!

Safari hii sikuenda kwa shehe wa kumsomea wala sikumuuliza mtu. Nilimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Daktari alikuwa mwanamke wa Kisudani, mtulivu. Alizungumza na Mundhir, kisha akanigeukia akaniuliza kwa Kiarabu, katika ukoo wenu yupo aliyewahi kuugua namna hii? Baba yake je?

Nikajibu, hakuna. Baba yake alikufa kwa moyo, alipokuwa ametoka Bombay.

Ulimi ulikwisha zoea, ulijisemea wenyewe. Daktari akaanza kuandika. Mundhir ameketi kando, anachezea ukosi wa kanzu yake, ananitazama. Na hapo nikamkumbuka yule bibi kizee wa Korea na kalamu yake. Nikamwelewa. Alinyamaza mtoto asiuawe. Na alisema ule ukimya ulipoanza kuwaua waliobaki. Mimi daktari ananiuliza kitu kitakachomwokoa mwanangu, nami bado namlindia siri mtu aliyemfungia baba yake!

Nikamwambia daktari, ngoja kidogo. Nikamgeukia Mundhir, nikamwambia kwa Kiswahili, maana maneno yale yalikuwa yake kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Nilimwambia baba yako hakwenda Bombay. Nilimwambia kanzu, vidonge, msikiti. Nilimwambia stoo. Nilimwambia siku ya posa. Daktari alisogeza kiti chake akanishika bega, bila kujua nasema nini.

Mundhir alisikiliza. Kisha akasema, "Nilijua si panya, Mama. Panya haulizi mtu jina lake."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, akitazama mikono yake. Alipokuwa mdogo alikuwa akienda mlangoni mwa stoo watu wazima wakilala mchana. Sumu hakuiona, akajua wamemdanganya. Alilala chini kifudifudi, akapenyeza biskuti kwenye ule upenyo chini ya mlango, na vidole vikazivuta. Kulikuwa na mtu. Alidhani ni mwizi aliyekamatwa na babu. Yule mtu akamuuliza jina, akajibu Mundhir. Mundhir wa nani? Mundhir wa Khalfan, baba yangu yuko Bombay.

"Vidole vikarudi ndani, Mama. Halafu akaniuliza, ukimkumbuka unataka akuletee nini? Nikamwambia gari jekundu. Akasema, atakuletea."

Nikalikumbuka gari la msibani, huenda alimwagiza mama yake alipompelekea chakula. Kisha Mundhir akasema, "Alijua mimi nani. Na hakuniambia yeye nani. Mtu mwenye wazimu anaweza hayo?"

Swali hilo ninalo mpaka leo. Kisha nikaona uso wake unabadilika, kwa sababu alikuwa amefika kwenye siku ya posa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na siku ile uliponituma kwa babu... alikuwa mule?"

Nikamwambia ndiyo.

Hakulia. Alinyanyuka, akamwambia daktari kwa Kiarabu, baba yangu alikuwa na maradhi haya haya, alipewa dawa zikamfaa, wakazimwaga. Kisha akatoka, akanisubiri ndani ya gari. Hakunisemesha njia nzima, na hakunisemesha kwa miezi mingi baada ya hapo.

Dawa anakunywa. Alimaliza chuo, sasa anafanya kazi Sohar, kanzu yake anaivaa asubuhi kama watu wengine. Hunipigia simu Ijumaa. Huniuliza afya, huniuliza mama yangu, kisha hukata. Kumbusu babu yake mkono hakurudi tena, na yule mzee amekufa bila ya kuniomba radhi mimi wala kaburi la mwanawe.

Na Raya? Raya aliolewa na wale watu wakubwa. Mwaka jana alikuja Darsait, akaketi jikoni kwangu, akaniambia jambo lililomkaba miaka yote. Katika nyumba ya mumewe kuna shangazi ambaye wageni huambiwa yuko Nairobi kwa matibabu. Amekuwa Nairobi tangu kabla ya posa. Anakaa chumba cha nyuma, juu, na Raya ndiye anayempelekea chakula. Wale waliokaa kwetu siku ile wakila halwa, ambao Khalfan wangu alizimiwa umeme ili wasijue... nao walikuwa na mgonjwa wao!

Nilimwambia Raya alichopaswa kufanya. Sijui kama atafanya. Aliondoka akijifuta macho kwa buibui.

Wasomaji wenzangu, mimi nimeandika kama alivyoandika yule bibi, kwa sababu sasa najua kwa nini aliandika. Maradhi ya akili si aibu ya ukoo, ni maradhi, na yana dawa. Usimnyime mtu wako hospitali kwa kuogopa posa. Usimwambie mtoto uongo ukadhani hasikii. Usikubali kuambiwa subiri harusi ipite. Na kama katika nyumba unayoishi kuna mlango ambao watoto wamekatazwa kuusogelea, na kuna mtu wenu ambaye mnasema amesafiri, nakuomba, weka chini gazeti hili. Nenda ukaufungue.